Kilio cha Mtoto Angani na Sahani ya Jirani

Kila askari anayerudi kutoka safari ya kazi hutakiwa kuandika taarifa. Ataandika siku aliyoondoka na siku aliyorejea, vifaa alivyokabidhiwa na vilivyorudishwa, mafunzo aliyoyapata na mapendekezo aliyonayo. Yako, hata hivyo, mambo mawili ambayo ni nadra kuonekana katika taarifa hizo, nayo ndiyo ya kwanza kusimuliwa mara msafiri anapovua buti na kuketi na wenzake. La kwanza ni jinsi watoto walivyosafiri. La pili ni chakula alichokikuta huko alikokwenda.

Tuliyasikia yote mawili jioni moja huko Naguru. Kilima hicho, kinachotazamana na Kololo, ni mahali panapofaa sana kwa kusikiliza habari za safari, kwa kuwa hapo ndipo yalipo Makao Makuu ya Polisi ya Uganda, na hapo hupita maofisa na askari wanaokwenda na wanaorudi kutoka kozi za nchi jirani na kutoka katika ujumbe wa kulinda amani. Tulikuwa tumeketi katika kantini pamoja na wenzetu wa polisi, wachache wa jeshi, na wake wa maofisa wawili. Chai ililetwa, chapati zikafuata, na ndimi zikalegea. Hapakuwa na mkubwa aliyeogopwa wala mdogo aliyenyamazishwa. Kila mmoja alisema alilokuwa nalo moyoni, na mengine hayakuwa matamu kusikia.

Sajenti mmoja ndiye aliyefungua mlango. Alisema: "Afande, mimi nasema wazi. Ndege si mahali pa watoto wachanga. Nilitoka Mogadishu baada ya mwaka mzima, nikapumzika Nairobi, nikapanda ndege kuja Entebbe nikitaka kulala walau saa moja. Mtoto nyuma ya kiti changu alilia tangu milango ilipofungwa hadi ilipofunguliwa." Wengine walicheka na kumwunga mkono. Mmoja akasema watoto watengewe viti vya nyuma kabisa. Mwingine akasema wasipande hadi wafikishe umri wa kwenda shule.

Ndipo mke wa inspekta mmoja, ambaye hadi wakati huo alikuwa kimya, akaweka kikombe chake chini. Alitusimulia kwamba mumewe alipopelekwa kozi ya mwaka mmoja Dar es Salaam, walidunduliza fedha kwa miezi mingi ili yeye na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi minane, wakamtembelee. Walipanda ndege Entebbe. Safari ilikuwa njema hadi ndege ilipoanza kushuka. Hapo mtoto mdogo akaanza kulia, tena kwa sauti ya kuchomwa. Mama alimbembeleza, akamsimamisha, akamkalisha, akamwimbia. Mtu mmoja mwenye suti nzuri aliyekuwa kando yake akamwambia mbele ya abiria wote: "Kama huwezi kumnyamazisha mtoto, ungepanda basi."

"Nilinyamaza," alisema yule mama. "Sikumwambia hata mume wangu. Lakini siku ya kurudi ilipofika, tiketi ya ndege ilikuwa tayari imelipiwa, nami nikasema siwezi. Tulirudi kwa basi kupitia Mutukula, mimi na watoto wangu wawili, tukakesha njiani. Tiketi ile ikapotea bure."

Meza ilikaa kimya. Sajenti wetu aliitazama chai yake kana kwamba kulikuwa na kitu kimeandikwa ndani yake. Kwa hakika, tangu jioni ile tumekuwa tukijiuliza ni familia ngapi za askari zimeacha safari zilizokuwa haki yao kwa sababu ya neno moja la mtu asiyefahamu alisemalo. Mwana ambaye baba yake yuko kozini au kwenye ujumbe wa amani hamwoni baba huyo kwa miezi mingi. Nafasi ya kumtembelea ikipatikana, ni hasara kubwa ipotee kwa aibu.

Basi na tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu, kama tunavyofundishwa kuitazama ramani kabla ya kuhukumu njia.

Mtoto hulia ndani ya ndege kwa sababu inayojulikana. Nyuma ya ngoma ya sikio pana chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua na koo kwa mrija mwembamba. Ndege inapopanda au kushuka, mgandamizo wa hewa ndani yake hubadilika, na hewa ya ndani ya sikio haina budi kusawazishwa na ile ya nje kupitia mrija huo. Mtu mzima akimeza mate au kupiga miayo, mrija hufunguka, sikio hutoa mlio mdogo, na mambo hutengemaa. Mrija wa mtoto mchanga ni mfupi zaidi, ni mwembamba zaidi, tena umelala badala ya kuinama, hivyo haufunguki kwa urahisi. Ndege inaposhuka, ngoma ya sikio husukumwa kuelekea ndani na mtoto huumia. Hajui kupiga miayo kwa makusudi, na hawezi kusema, "Mama, sikio." Analo neno moja tu, nalo ni kilio. Hata kilio hicho chenyewe humsaidia, kwa kuwa katika kulia humeza na kufungua mrija wake.

Kwa hiyo yule mwenye suti alikuwa akimkaripia mgonjwa kwa kugumia. Askari yeyote aliyewahi kumbeba mwenzake aliyejeruhiwa anajua kwamba hakuna mtu humwambia majeruhi, "Punguza sauti, wengine wamelala." Tunamstahimili, tunamharakisha kwa daktari, na tunashukuru kwamba bado ana pumzi ya kulia.

Hatusemi kwamba aliyechoka hana haki ya kuchoka. Sajenti alisema kweli yake, nasi tunamheshimu kwa kuisema. Suala hili limezishughulisha hata nchi nyingine. Mwaka 2013 mashirika ya AirAsia X ya Malaysia na Scoot ya Singapore yalianza kutenga sehemu za ndege ambazo watoto chini ya miaka kumi na miwili hawakai. Shirika la IndiGo la India lilifuata njia hiyo mwaka 2016, na mwaka 2023 shirika la Corendon lilitenga sehemu ya watu wazima pekee katika safari za kutoka Amsterdam hadi Curaçao. Mwaka 2019 dunia iliona jinsi Japan Airlines inavyomwonyesha msafiri, anapochagua kiti, mahali watakapokaa watoto chini ya miaka miwili. Mwaka 2016 shirika la JetBlue la Marekani lilichukua njia ya mzaha wenye mafunzo. Katika safari moja ya kuadhimisha Siku ya Mama liliwaahidi abiria kwamba kila mtoto atakapolia, watapunguziwa robo ya nauli ya safari yao ijayo. Inasemekana kwa mara ya kwanza abiria walishangilia kilio cha mtoto.

Tunazitaja njia hizo ili ionekane kwamba tatizo lipo na kwamba watu wenye akili wamelifikiria. Lakini maoni yetu ni kuwa njia ya kuwatenga haitufai sisi. Ndege nyingi zinazoruka kati ya miji ya Afrika ya Mashariki ni ndogo, na safari zake ni fupi. Kutoka Entebbe hadi Nairobi ni kama saa moja na dakika chache tu. Katika ndege ya namna hiyo, kumtenga mtoto ni kumsogeza safu tano nyuma, na kilio hakijui safu. Zaidi ya hayo, sisi ni watu tuliolelewa tukijua kwamba mtoto akilia katika kikao, mtu wa karibu humpokea mama yake walau kwa dakika tano ili naye apumue. Desturi hiyo tunayo katika mazishi, katika harusi, na ndani ya basi la Gulu. Hatuoni sababu ya kuiacha pale chini mtu anapopanda ngazi ya ndege.

Hata hivyo haki huandamana na wajibu, na wazazi nao wanayo ya kutenda. Tuliwauliza waganga wetu wa jeshi, nao wakatupa maelekezo mepesi ambayo kila mke wa askari na kila askari mwenye mtoto hana budi kuyashika. Mtoto anyonyeshwe au apewe chupa wakati ndege inapopaa, na hasa inapoanza kushuka, yaani kama nusu saa hivi kabla ya kutua. Akiwa amelala wakati huo, aamshwe taratibu, maana anayelala humeza mara chache. Mtoto mkubwa kidogo apewe kitu cha kutafuna au cha kunyonya. Mtoto mwenye mafua mazito au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya siku ya safari, na ikibidi safari iahirishwe. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, hivyo maji na maziwa yasikosekane. Nguo za kubadilisha ziwe ndani ya mfuko wa mkononi, zisifungiwe katika mizigo iliyopelekwa chini. Tena ikumbukwe kwamba katika safari za kimataifa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili kwa kawaida hupakatwa na mzazi na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, mara nyingi asilimia kumi. Wengi hawajui hilo, wakadhani gharama ni mara mbili.

Na baba asijifanye abiria wa kawaida. Tumewaona wanaume, tena wenye nyota mabegani, wakikaa kiti cha mbali na kufungua gazeti ilhali mama anahangaika na watoto watatu. Ofisa ambaye hawezi kumshika mwanawe kwa muda wa saa moja angani ana mengi ya kujifunza juu ya uongozi. Kulea mimba si kazi, walisema wahenga, kazi kulea mwana. Na kazi hiyo haikuandikiwa mtu mmoja.

Baada ya maneno ya yule mama, mazungumzo yetu yalielekea kwenye sinia, kwa maana anayesafiri kwa ndege huletewa chakula, na hapo napo ndimi zilikuwa kali. Wengi walisema chakula cha ndege hakina ladha. Baadhi waliwalaumu wapishi. Tungependa kuwatetea wapishi hao kidogo. Mgandamizo wa hewa ndani ya ndege irukayo juu sana huwa sawa na ule wa mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi, kana kwamba abiria wote wamepandishwa katika vilima vya Kigezi. Hewa ni kavu, pua hukauka, na mtu mwenye pua kavu huonja nusu tu. Mwaka 2010 wataalamu wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walilichunguza jambo hilo kwa ajili ya shirika la Lufthansa, wakathibitisha kwamba chumvi na sukari huonekana hafifu katika hali ya ndege, wakati ladha ya nyanya hustahimili. Basi anayeona wali wa angani hauna chumvi asikimbilie kumhukumu mpishi. Ulimi wake mwenyewe umepanda mlima.

Lakini mtu akishatua, ulimi umerudi mahali pake, na hapo hana kisingizio. Ndipo yanapokuja maoni juu ya vyakula vya majirani, na ndipo pia, kwa maoni yetu, adabu ya askari hupimwa.

Siku hizi neno jirani limepanuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977 pamoja na shirika lake la ndege lililoanzishwa mwaka 1946, ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, hivi kwamba Jumuiya sasa inaanzia Bahari ya Hindi na kufika Atlantiki. Shirika la ndege la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1976 na kufungwa mwaka 2001, lilirudi angani Agosti 2019. Askari wa leo anaweza kupata kifungua kinywa Kampala, chakula cha mchana Nairobi, na chakula cha jioni Dar es Salaam. Swali ni kama ataila sahani ya jirani kwa heshima au atakunja uso.

Koplo mmoja alituchekesha sana. Alifika Dar es Salaam mara ya kwanza, akaingia mkahawani akiwa na njaa, akaagiza kwa sauti ya kambini: "Naomba posho na maharage." Mhudumu alimtazama kwa huruma, akajibu: "Posho, kaka, kamwombe mwajiri wako. Hapa tuna ugali." Kwa Mtanzania posho ni fedha anazopewa mtumishi za kujikimu. Asili ya neno ni fungu la chakula alilogawiwa askari, mpagazi au kibarua, na kwa kuwa fungu hilo lilikuwa unga wa mahindi, sisi wa Uganda tulilichukua jina la mgao tukaufanya kuwa jina la chakula chenyewe. Hivyo kila tunapotaja posho tunaitaja, bila kujua, historia ya kambi. Mombasa chakula hichohicho huitwa sima. Mahindi ni yale yale, maji ni yale yale, na mwiko ni ule ule.

Inspekta aliyewahi kutumikia Somalia alisimulia mshangao wake alipoletewa wali wenye ndizi mbivu kando yake, akadhani ndizi ni ya kula mwisho. Wenyeji wakamwonyesha kwamba huliwa pamoja, tonge la wali na kipande cha ndizi. Siku ya kwanza alitabasamu kwa adabu tu. Mwezi wa pili alikuwa akiitafuta ndizi kabla ya wali. Mwingine aliyekwenda Addis Ababa alisema injera ilimkataa siku mbili kwa uchachu wake, siku ya tatu wakapatana. Aliyetoka mashariki ya Kongo aliisifu sombe, yaani majani ya mhogo yaliyotwangwa, hata tukamwomba anyamaze kwa kuwa kantini haikuwa nayo.

Na sisi hatukusalimika. Ofisa mgeni kutoka Kenya alisema waziwazi kwamba matoke kwake ni kama kiazi kilichokata tamaa. Tulicheka, ingawa ilituchoma. Kisha tukamweleza kwamba asihukumu ndizi ya kuchemshwa haraka katika sufuria ya hoteli. Aende mahali ambapo matoke yamefungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke tangu asubuhi, aletewe na luwombo ya kuku iliyofungwa katika jani lake, ndipo aseme. Alikubali kwenda, na hukumu yake tunaingojea. Tulimkumbusha pia kwamba Mchaga wa Moshi hupika mtori kwa ndizi na Mhaya wa Bukoba hawezi kuishi bila ndizi, kwa hiyo akiitukana ndizi ametukana nusu ya Ziwa Viktoria pamoja na Kilimanjaro. Kwa upande mwingine, rolex yetu, ile chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, aliisifu bila kushurutishwa. Ilimbidi tu aelezwe kwamba jina hilo limetokana na matamshi ya haraka ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, wala halina uhusiano na saa ya mkononi.

Katika maneno hayo ya kweli tuliona mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kumwambia mwenyeji ukweli juu ya chakula chake si kosa, mradi umekionja kwanza na umeuliza hupikwaje. Kosa ni kukunja pua kabla ya kuonja. La pili ni kwamba anayevaa sare akila ugenini anatazamwa. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Askari anayelinda amani katika nchi ya Waislamu asidai nyama ya nguruwe, asile hadharani mchana wa Ramadhani, na akikaribishwa sinia moja na wazee ale kwa mkono wa kuume na mbele yake. Mwenyeji akimwona anakula kwa heshima, atamwamini hata katika mambo makubwa kuliko chakula.

Tusiwe pia watu wa kuonea haya chakula chetu. Wasomaji wanakumbuka habari ya Novemba 2021, pale picha za video zilipoenea zikionyesha senene wakiuzwa katika mifuko kwenye njia ya katikati ya viti, ndani ya ndege ya shirika letu iliyokuwa ikielekea Dubai. Wengi walicheka, wengine wakakasirika, na jambo hilo likawafikia hata polisi. Ni dhahiri kwamba ndege si soko. Mtu anayesimama na kuuza bidhaa wakati abiria wanatakiwa kuketi anavunja taratibu za usalama, na hilo hatulitetei. Lakini tuliona jambo jingine. Abiria walikuwa wakiwagombania senene wale! Shirika lenyewe lilisema wakati huo kwamba linafikiria kuwaingiza senene katika orodha ya vyakula vyake. Maana yake ni kwamba msafiri aliyesema waziwazi, kwa fedha yake, ni chakula gani anakipenda, alisikika upesi kuliko kama angeandika barua kumi.

Yuko atakayesema kwamba haya yote ni mambo madogo, na kwamba ofisa wa jeshi angeandika juu ya silaha. Kwake tuna jibu moja, nalo ni zito.

Uganda ilipeleka askari wake Mogadishu Machi 2007, chini ya ujumbe wa Umoja wa Afrika, na Burundi ikafuata. Mwaka 2009 askari wa ujumbe huo walianza kuvimba miguu, kupumua kwa shida na kuumwa kifua. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010 walihesabiwa 241 waliopatwa na dalili hizo, na wasiopungua wanne wakafariki. Makumi walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Nairobi na Kampala. Adui huyo hakuwa na bunduki. Wachunguzi walipoyachambua mambo, walikuta ni ugonjwa wa beriberi, unaoletwa na upungufu wa vitamini B1, iitwayo pia thiamini, mwilini. Waliopewa vitamini hiyo walipata nafuu. Askari walioyakabili makombora walikuwa wakiangushwa na upungufu uliokuwa ndani ya sahani.

Thiamini hupatikana katika maharage, karanga na nafaka ambazo hazijakobolewa. Wali mweupe uliosafishwa sana una kidogo mno. Kwa hiyo anayesema, "Afande, kila siku ni wali mweupe na cha kopo," asichukuliwe kuwa mlalamishi. Analeta taarifa. Kamanda mwenye busara humwuliza maswali zaidi, kama vile angemwuliza askari wa doria aliyeona nyayo asizozitambua. Tulipokuwa katika chuo cha makadeti tulifundishwa kula kilichopo bila kuuliza, na funzo hilo ni jema kwa siku tatu za mazoezi porini. Kwa mwaka mzima wa kazi ugenini halitoshi.

Hapo ndipo kilio cha mtoto na neno la askari juu ya sahani yake vinapokutana. Mtoto hulia kwa sababu sikio linamwuma. Askari hunung'unika kwa sababu mwili wake unakosa kitu. Wote wawili wanatoa habari za kweli kwa lugha waliyonayo, na anayewaambia wanyamaze huku hajauliza sababu anaizima taa inayomwonyesha njia.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo haya. Kabla familia ya askari haijasafiri kumtembelea aliye kozini, wapewe maelekezo mafupi na mganga wa kambi pamoja na mtu aliyewahi kusafiri na watoto, kwa Kiswahili chepesi. Askari wanaokwenda nchi jirani waelezwe vyakula vya huko na adabu zake, kama wanavyoelezwa hali ya hewa na ramani. Na katika taarifa ya safari iongezwe sehemu moja ambayo msafiri ataandika bila woga: familia ilisafirije, na tulikula nini. Karatasi moja zaidi haitamwelemea mtu.

Kwa askari na polisi wote wanaopanda ndege tunasema hivi: ukimkuta mama mwenye mtoto anayelia, msaidie kupandisha mfuko wake, mwambie neno la upole, na ikiwezekana mshike mtoto huyo ili mama apumue. Sare yako itakuwa imefanya kazi ambayo tangazo la redio haliwezi kuifanya.

Tulipoinuka kutoka mezani pale Naguru, taa zilikuwa zimewashwa na zamu ya usiku ilikuwa ikijipanga. Yule mama alisema kwamba mumewe amebakiwa na miezi minne, na kwamba watoto humwuliza kila siku. Sajenti alijikohoza, akamwuliza kama amekata tiketi. Akamwambia, "Mama, safari hii panda ndege. Na yeyote akikusema, mwambie sikio la mtoto linauma, na kwamba sajenti mmoja wa Naguru ametoa ruhusa alie."